Mficha Maradhi Asiwe Daktari: Ushauri kwa Wanaosomea Tiba Mjini Unguja

Safari ya kuwa daktari ni ndefu. Shahada ya kwanza ya udaktari huchukua miaka 5, na juu yake kuna mwaka 1 wa mafunzo kazini hospitalini kabla mtu hajaruhusiwa kutibu kwa mamlaka yake mwenyewe. Stashahada ya utabibu au ya uuguzi ni miaka 3. Miaka yote hiyo, mwanafunzi wa Unguja huishi na watu wake: kwa wazazi, kwa shangazi, au kwa jamaa aliyempokea siku aliposhuka boti kutoka Pemba. Anasoma anatomia huku mdogo wake anataka kusaidiwa hesabu. Anatoka zamu ya usiku na kukuta nyumba imejaa shughuli ya harusi.

Nimekaa na wanafunzi wa tiba kwa muda mrefu, wodini na majumbani, na jambo moja limenithibitikia. Kila aliyefika chuo cha tiba alikwishafaulu vizuri masomo ya sayansi, kwa hiyo akili anayo. Wanaokwama, wengi wao, ni wanaoficha. Anaficha kuwa hakuelewa somo, anaficha kuwa amejichoma sindano, anaficha kuwa pesa zimekwisha tangu wiki ya pili, anaficha kuwa halali. Wodini tunawaambia wagonjwa kila siku kuwa mficha maradhi kifo humuumbua, nasi wenyewe methali hiyo tunaiacha mlangoni tunapotoka. Ushauri wangu wote umesimama hapo: sema mapema, na umwambie mtu anayehusika.

Ipange siku yako kwa saa za Malindi

Anayekaa Malindi, hapa mjini Unguja, anajua kuwa mtaa huu hauchelewi kuamka. Diko linaanza kazi mapema, wavuvi wanashusha samaki, wanunuzi wanapandishiana bei mnadani, na baadaye bandarini abiria wa boti za Dar es Salaam na Pemba wanaanza kumiminika na mizigo yao. Ukisubiri saa 3 asubuhi ufungue kitabu, utasoma ndani ya kelele za makuli na honi za magari.

Saa bora ni ile inayofuata sala ya alfajiri. Hewa ni ya baridi, simu zimelala, na nyumba bado haijaanza kukutuma. Weka somo gumu kuliko yote katika muda huo. Saa moja na nusu ya alfajiri, ukiishika kila siku, inakupa zaidi ya usiku mzima wa kusoma huku unasinzia. Baada ya hapo kunywa chai yako, kula kitu cha maana, kisha tafuta daladala. Kama masomo yako yako Mbweni, kwenye Skuli ya Afya na Sayansi za Tiba ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), njia hiyo ya kuelekea Uwanja wa Ndege ina msongamano asubuhi. Toka mapema, na usipange kusoma ndani ya gari iliyojaa. Tumia muda huo kujihoji kimoyomoyo yale uliyosoma alfajiri.

Adhuhuri, jua la kaskazi likiwa kali na umeme ukiwa wa mashaka, lala dakika 20 au 30 kama ratiba inaruhusu. Usiku weka saa ya mwisho, uiheshimu. Mwili unaofanya kazi wodini unahitaji usingizi wa saa 7 hivi. Asiyelala hukosea kuhesabu dozi, na kosa la dozi haliishii kwenye karatasi ya mtihani.

Jihoji kabla hujahojiwa

Njia ya kusoma iliyozoeleka kwetu ni kurudia: unasoma kurasa, unapiga mistari kwa kalamu ya rangi, unasoma tena mpaka maneno yanazoeleka machoni. Ubaya wake ni kuwa macho yakizoea maneno, moyo hudhani umeyaelewa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kujifunza. Baadhi waliyasoma tena na tena. Wengine waliyasoma, kisha wakafunga karatasi na kuandika waliyoyakumbuka. Dakika chache baadaye waliorudia kusoma walionekana kuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojihoji ndio waliokumbuka zaidi, ingawa waliorudia ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka.

Basi fanya hivi. Soma ukurasa mmoja kuhusu mishipa ya mkono. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu uchore mkono, uandike kila mshipa na kazi yake. Ukikwama, usifungue kitabu haraka. Kaa na kukwama huko dakika moja mbili, kisha fungua ulinganishe. Yale uliyoyakosa yaandike pembeni kwa orodha, na orodha hiyo irudie kesho, baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Orodha ya uliyoyakosa ina thamani kuliko daftari lililopambwa, kwa sababu inakuonyesha usilolijua likiwa bado dogo.

Kusoma kwa kikundi kunafaa ikiwa kila mmoja amejitayarisha. Watu watatu au wanne wanatosha. Kaeni barazani, mmoja aeleze somo bila kuangalia daftari, wengine wamkatize kwa maswali. Pasti pepa, yaani mitihani ya miaka iliyopita, zina faida yake, lakini zifanyeni baada ya kusoma, ili kujipima. Na likiwapo jambo ambalo kikundi kizima hakikulielewa, mtume mmoja wenu kwa mwalimu siku ileile. Mwalimu anayeulizwa mwezi wa kwanza hufurahi. Anayeulizwa usiku wa kuamkia mtihani hana tena la kukusaidia.

Mgonjwa ni mwenyeji wako

Siku utakayoingia wodini kwa mara ya kwanza, iwe Mnazi Mmoja, Lumumba, Kivunge au Makunduchi, kumbuka kuwa umeingia kwenye maisha ya mtu akiwa katika hali dhaifu. Salimia kwanza, na salamu yetu haina haraka. Mtu mzima umpe shikamoo yake. Kisha jitambulishe wazi: "Mama, mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Naomba ruhusa yako nikuulize habari za maradhi yako, na ukiona huna raha, niambie niache. Matibabu yako yatabaki vilevile." Maneno hayo hayachukui hata dakika moja, na yanamrudishia mgonjwa heshima ambayo kitanda cha hospitali humpunguzia.

Kabla ya kumpima, vuta pazia. Mwanafunzi wa kiume akimpima mwanamke, awepo muuguzi wa kike au mwanafunzi mwenzake wa kike. Funua sehemu unayoipima tu, ukimaliza funika. Bibi aliyekaa na buibui lake maisha yote atakupa habari zake zote ukimstahi, na ukimvunjia heshima atakujibu "sijambo" kwa kila swali mpaka utoke.

Masomo yako ni ya Kiingereza, lakini mgonjwa wako anaumwa kwa Kiswahili. Atakuambia ana chango, mtoto amepata degedege, mume wake ana mshipa, mwili wote una baridi yabisi. Usikimbilie kuligeuza neno lake kuwa jina la ugonjwa. Liandike kama alivyolisema, kisha muulize: linakuuma wapi, lilianza lini, linakuja na nini, linatulia ukifanya nini? Chango la mmoja ni maumivu ya hedhi, la mwingine ni tumbo la kuharisha, na la wa tatu ni mimba iliyotunga nje ya kizazi, naye asipofikishwa chumba cha upasuaji kwa haraka anaweza kufa. Kadhalika mzazi anaposema degedege, muulize pia alikwenda wapi kabla ya kuja hospitali na mtoto amepewa nini. Muulize kwa upole, maana ukimkemea hatakwambia kweli.

Yajue maradhi ya kisiwa chako, kwa kuwa vitabu vingi vimeandikwa kwingine. Kwa miaka mingi vipimo vya jamii vimeonyesha kuwa malaria Unguja na Pemba iko chini ya asilimia 1. Kwa hiyo homa peke yake hapa haitoshi kumpa mtu dawa ya malaria. Ni lazima apimwe. Na mwenye homa muulize kama karibuni amevuka maji, kwa sababu wengi wanaokutwa na vimelea hapa wametoka safari ya Bara. Ukiwa unakaa Malindi, boti zile zinazofunga gati kila siku ziwe zinakukumbusha swali hilo. Kijana anayekojoa damu muulize kuhusu kichocho, kama aliwahi kuoga au kufua kwenye mto au bwawa, na kama skulini kwao hupewa vidonge vya prazikwanteli.

Kuna kazi nyingine utakayopewa bila kufundishwa: ukalimani. Madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na walimu wa Kicuba wamewafundisha madaktari wetu kwa ushirikiano wa SUZA na Chuo Kikuu cha Matanzas. Mwanafunzi anayejua Kiswahili na Kiingereza huitwa asimame katikati. Ukiitwa, tafsiri kila kitu. Mgonjwa akizungumza dakika mbili, usimwambie daktari "anasema tumbo linamuuma." Na daktari akisema jambo usilolifahamu, mwambie akueleze tena kabla hujalipeleka kwa mgonjwa. Kubuni pale ni hatari.

Mikono, sindano na kizunguzungu

Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwa nini wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wa udaktari ilikuwa na vifo vingi kuliko ile ya wakunga. Wanafunzi walikuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Aliwaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini. Mwaka 1846 katika wodi ile walifariki zaidi ya mama 10 katika kila 100; mwaka 1848 walifariki takriban 1 katika kila 100. Waliokuwa wakiwaua mama wale walikuwa madaktari na wanafunzi wenye bidii na nia njema. Kwa hiyo osha mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa, kila mgonjwa, hata raundi ikiwa na haraka na hata mkubwa wako akisahau. Koti lako jeupe livue kabla ya kutoka hospitali. Usiende nalo sokoni Darajani wala usiliweke kitanda kimoja na mtoto wa nyumbani.

Kuhusu sindano, kwanza hakikisha umechanjwa homa ya ini B kabla ya kuanza wodi. Ni dozi 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi 6, kwa hiyo anza mwaka wa kwanza. Ukishamaliza kutoa damu, usirudishe kifuniko kwenye sindano kwa mikono miwili. Itumbukize moja kwa moja kwenye sanduku lake. Na ukijichoma, acha ulichokuwa ukikifanya. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usilikamue wala kulinyonya, kisha mwambie msimamizi wa wodi papo hapo. Dawa za kukinga maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo na zisivuke saa 72, kisha zinywewe siku 28. Nawasihi sana katika hili. Wapo wanafunzi wanaojichoma saa 4 asubuhi na kunyamaza kwa kuogopa kuonekana wazembe, wakabaki na hofu yao miezi. Hakuna fedheha katika kujichoma. Kila mtu wa kazi hii anaweza kujichoma, na wodi yenye utaratibu itakupokea.

Katika chumba cha upasuaji, wanafunzi wengi huona giza mara ya kwanza. Kula kabla ya kuingia, usisimame ukiwa umekaza magoti, na ukihisi jasho baridi na masikio yanavuma, sema "naona kizunguzungu," rudi nyuma mbali na meza ya upasuaji, ukae chini sakafuni. Anayesema anakaa dakika tano na kurudi. Anayejikaza huanguka juu ya vifaa vilivyotakaswa.

Siri katika mji mdogo

Mji wetu ni mdogo na watu wanajuana. Mwanafunzi wa mji mkubwa akisimulia habari ya mgonjwa bila jina, huenda asijulikane. Hapa ukisema tu "mke wa nahodha fulani wa pale Funguni," umeshamtangaza. Hata ukiacha mtaa, siku aliyolazwa na maradhi yake vinatosha kwa jirani mwenye hamu ya kujua.

Kwa hiyo weka sheria ambayo haina mjadala: yanayoonekana wodini hayazungumzwi kwenye daladala, barazani, wala nyumbani. Usipige picha ya mgonjwa, jeraha, filamu ya eksirei wala jalada kwa simu yako ukaitupa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Mkitaka kujadili kwa ajili ya masomo, jadilianeni mkiwa hospitalini, kwa sauti ndogo, bila jina. Na ukimkuta mtu unayemjua kitandani, mwendee pembeni umwambie mwenyewe: "Nimekuona, na habari hii haitoki kwangu." Kisha ukikutana naye harusini msalimie kama siku zote, wala usimuulize hali mbele za watu mpaka aanze yeye.

Majirani watakuita dokta

Ufukweni mwa Malindi, ukielekea Forodhani, lipo jengo lile la roshani za mbao zilizochongwa ambalo watu hulijua kama Zahanati ya Zamani. Msingi wake uliwekwa mwaka 1887 kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan, aliyekusudia liwe hospitali ya wasiojiweza. Alifariki mwaka 1891 kabla halijakamilika, likamalizika mwaka 1894, na kwa miaka mingi chini yake palitolewa dawa. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilikarabati katika miaka ya 1990, na sasa halitibu tena. Lakini haja ya mtaa kuwa na mtu wa karibu wa kumuuliza haikwisha, na katika nyumba nyingi mtu huyo sasa ni wewe, mwanafunzi wa mwaka wa pili.

Atakuja bibi wa nyumba ya jirani baada ya Magharibi na mfuko wa plastiki. Ndani mna vidonge vya presha vya mwezi uliopita, vya mwezi huu, na vingine alivyopewa na dada yake. "Mjukuu wangu, hivi vya duara vinanilevya kichwa. Nivinywe au niviache?" Anakuamini. Hapo ndipo udaktari wako unapoanza, na unaanza kwa kukiri mpaka wako: "Bibi, mimi bado nasoma, sijafika pa kukubadilishia dawa. Lakini hebu tukae tuviangalie pamoja." Msomee jina na tarehe ya kila paketi. Vilivyokwisha muda na vya dada yake vitenge. Mweleze vilivyoandikwa kwa jina lake vinanywewa vipi, na kwamba asiviache ghafla kwa uamuzi wake. Kisha muahidi jambo moja unaloweza kulitimiza: "Asubuhi nitakusindikiza kliniki tumwambie daktari aliyekuandikia kuwa vinakulevya." Na umsindikize kweli.

Zijue kwa moyo dalili ambazo jibu lake ni hospitali sasa hivi, bila kusubiri asubuhi: maumivu ya kifua yanayobana, uso au mkono wa upande mmoja kulegea ghafla, kupumua kwa shida, degedege, mtoto mchanga asiyenyonya, mjamzito anayetoka damu au mwenye maumivu makali ya kichwa na macho yanaona ukungu. Kuitambua dalili ya hatari na kutafuta gari ni msaada mkubwa kuliko kidonge chochote ulicho nacho kwenye begi. Na antibayotiki usimpe mtu, hata mama yako mzazi akikubembeleza.

Nyumba, Ramadhani na pesa

Wazazi wengi hawajui ratiba yako kwa sababu hujawaambia. Kaa na mama na baba mwanzo wa kila muhula, uwaonyeshe kwa karatasi: wiki hizi nina mitihani, siku hizi nina zamu ya usiku, asubuhi yake nitalala mpaka adhuhuri. Wasichana wanahitaji mazungumzo haya zaidi, maana mara nyingi wao hutoka wodini na kuingia jikoni. Wazazi, nawaomba: binti akitoka zamu, kaka yake pia anaweza kuosha vyombo na kwenda sokoni. Mazishi utahudhuria, hilo ni deni la kila mmoja wetu. Harusi zina siku nyingi. Chagua siku moja, nenda kwa moyo mkunjufu, na zile nyingine omba radhi mapema.

Ramadhani ikifika, panga zamu na wenzako kabla mwezi haujaandama. Daku usiiache: kula chakula kinachokaa tumboni, kama maharage, mayai, mkate wa unga usiokobolewa au mihogo, na unywe maji ya kutosha kati ya futari na daku. Futari ianze kwa tende na maji, kisha uji, na vya kukaanga viwe vichache. Ukiwa wodini na ukaona mwili umekuishia, mwambie mkubwa wa zamu. Wagonjwa wa kisukari nao watakuuliza kama wafunge; waelekeze wamuone daktari wao wiki kadhaa kabla ya mwezi, kwani dawa zao huenda zikahitaji kupangwa upya.

Pesa za mkopo, bumu kama tunavyoliita, huja kwa mkupuo na kuondoka hivyohivyo. Siku linapoingia, ligawe kwa idadi ya wiki mpaka bumu lijalo, utoe kwanza nauli, chakula cha mchana na fotokopi. Kama mama anahitaji msaada, mpe kiasi kinachojulikana kila mwezi; ukimpa bila mpango, mwezi wa tatu utakuwa unamkopa yeye. Nunua stetoskopu moja nzuri mwaka unaoanza wodi, si kabla. Vitabu vikubwa visome maktaba au ununue kwa waliomaliza. Na ukiishiwa, mwambie mtu wa nyumbani au mshauri wa wanafunzi kabla hujaanza kuruka mlo. Urojo wa jioni ni mtamu, lakini haubebi mwili wa mtu aliyeshinda njaa tangu asubuhi.

Ukizidiwa

Utamwona mtu akifa. Pengine atakuwa mtoto uliyemtoa damu asubuhi na ukamchekesha. Utarudi nyumbani, utaulizwa "leo vipi?" na utasema "salama." Usilibebe peke yako. Mtafute muuguzi mzee wa ile wodi au daktari unayemwamini, umwambie ulivyoona na unavyojisikia. Wao wamepita hapo na wanajua kusikiliza. Sali, tembea ufukweni, cheza mpira na wenzako. Hayo ni haki ya mwili wako.

Ukishindwa somo ukapewa mtihani wa marudio, sapu kama tunavyouita, waambie wazazi wiki hiyohiyo. Watasikitika siku mbili tatu, kisha watakusaidia kujiandaa. Na ikiwa usingizi umekukimbia wiki kadhaa, chakula hakina ladha, unalia bila sababu au unatamani usiwepo duniani, hayo ni maradhi kama mengine na yana tiba. Muone daktari wa afya ya akili. Wewe utakayewaambia wagonjwa wako kesho wasione haya kwenda hospitali ya afya ya akili ya Kidongo Chekundu, usione haya mwenyewe leo. Ikiwa fikra za kujidhuru zimekuja, mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyohiyo na muende naye hospitali.

Kisiwa hiki kinawahitaji mkiwa wazima, na kwa miaka mingi ijayo. Kwa hiyo, mwanafunzi unayesoma haya, jiulize ni lipi unalolificha sasa: somo usilolielewa, chanjo uliyoiahirisha, sindano uliyojichoma, deni, sapu, au huzuni. Chagua moja, umjue anayehusika nalo, na umwambie leo kabla ya sala ya Isha.